Maneno Niliyowapa Wengine

Naliaka mwanangu,

Umeenda kwa shangazi yako kuaga, na ninavyomjua hatakuachilia kabla hujala na kunywa chai mara mbili. Kwa hiyo nina mchana wote. Nimetoa kiti mlangoni penye mwanga, kwa maana macho yangu siku hizi yanataka jua ndipo yaone mstari.

Kesho garimoshi litakuchukua pale Bungoma likupeleke Nakuru kusomea uuguzi. Sitakuandikia habari za blanketi, wala maji ya kuchemsha, wala watu wa kujihadhari nao. Hayo shangazi yako anakuambia sasa hivi, naye anayajua kuliko mimi. Ninalotaka kukuambia ni habari ya mama yako. Miaka kumi na mitatu umeishi na mimi bila yeye, na mara nyingi umeniuliza alikuwa mtu wa namna gani. Kila mara nimekujibu kwamba alikuwa mtu mzuri, mwenye bidii. Jibu kama hilo mtu humpa karani anayejaza fomu. Wewe hukuwa karani, ulikuwa mtoto unayemtafuta mama yako, na mimi nilikuwa naogopa.

Nitakuambia kwa nini nimeamua leo. Jumamosi iliyopita yule mwalimu kijana, Simiyu, alikuja kwa baiskeli kutoka Bungoma mjini kukuaga. Mlisimama kwenye ua. Mimi nilikuwa zizini nafunga ndama, nanyi hamkujua. Nikamsikia akisema, "Naliaka, nitakuwa nakukumbuka kila siku." Na wewe ukamjibu, "Nakuru si mbali. Usisahau tu kunirudishia kile kitabu." Akasema sawa, akapanda baiskeli yake. Ulipogeuka niliona uso wako, mwanangu. Ulikuwa unalia. Nikaganda pale na kamba mkononi, kwa sababu mdomo uliomjibu yule kijana ulikuwa wangu. Umeurithi kwangu, na ni mimi niliyekulea nao.

Sasa sikiliza.

Nilipomwoa mama yako Nekesa, hapa Bumula, nilikuwa nimesoma misheni miaka mitatu tu. Nilijua kusoma na kuandika Kiswahili, na hilo wakati ule lilikuwa jambo kubwa. Ulipokuwa na mwaka mmoja nilichukua kipande changu, kile cheti cha kazi cha Serikali, nikaenda Kitale kutafuta kazi, kama wanaume wengi wa hapa. Nikapata kwa Mzungu mmoja mwenye shamba kubwa la mahindi. Kazi yangu ilikuwa kuendesha maksai wa kulima. Ng'ombe kumi na sita, plau moja, na baridi ya asubuhi ambayo sijaiona mahali pengine. Nilikuwa nakuja nyumbani mara moja kwa mwaka, wakati wa Krismasi, mahindi yakisha kuvunwa.

Wenzangu walipojua kwamba naweza kuandika, wakaanza kuja. Wa kwanza alikuwa Barasa, mtu wa hapa hapa Bumula, mume wa Nasimiyu unayemfahamu. Alikuja Jumapili moja baada ya chakula, akachuchumaa, akawa anachora mchangani kwa kidole. Mwisho akasema, "Wafula, ati unaweza kuandikia mtu barua?"

"Naweza. Unataka kumwambia nani nini?"

"Mke wangu. Lakini sijui nini. Mwambie tu mambo mazuri."

Mimi sikujua mambo mazuri yanaandikwaje. Huko misheni tulifundishwa kuandika tarehe, salamu na habari. Nikaenda kwa mpishi wa Mzungu, mzee mmoja wa Mombasa aliyeitwa Athumani. Alikuwa mfupi, mwenye ndevu nyeupe, hana haraka na kitu chochote, na maneno kwake yalikuwa kama viungo vyake vya jikoni: alijua kila kimoja kinakwenda na nini. Nikamweleza shida ya Barasa. Akacheka polepole.

"Nyinyi watu wa bara mnapenda, lakini mnapenda kimyakimya," akaniambia. "Kaa hapo nikufunze. Upendo ni neno la hadhara. Waweza kulisema mbele ya watu wote, la mtoto, la jirani, la dini. Mapenzi ni ya watu wawili na mlango umefungwa. Huba ni mapenzi yaliyokaa mpaka hayana tena kelele. Na mtu mwenyewe sasa, usimwite mke wangu, mke wangu, kama unamwonyesha polisi cheti. Mwite mpenzi. Mwite kipenzi, ukitaka kumdekeza. Mwite laazizi."

Nilikuwa sijawahi kusikia kitu kama hicho. Sisi kwa lugha yetu tunasema khusiima, yaani kupenda, na neno hilo moja tunalitumia kwa mke, kwa mtoto, na kwa uji wa wimbi. Sisemi ni neno baya. Lakini sijawahi kumsikia baba yangu akimwambia mama yangu hata hilo moja.

Nikarudi nikamwandikia Barasa barua. "Laazizi wangu Nasimiyu, tangu nilipokuacha usingizi wangu umepungua." Nilipomsomea, Barasa alishika kichwa kwa mikono miwili. Akasema, "Ndiyo. Hilo hasa ndilo nilikuwa nataka kusema." Jumapili iliyofuata walikuja watu wanne. Baada ya miezi sita walikuwa wakija hata kutoka mashamba ya jirani, na wengine waliokaa Kipsongo wakingoja kazi. Sikuwadai kitu. Nitakuambia ukweli, nilijisikia mtu mkubwa. Niliona wanaume wenye mikono ya kuvunja jembe wakifuta macho kwa sababu ya sentensi yangu.

Na kwa mama yako niliandika hivi. Nakumbuka moja neno kwa neno: "Kwa Nekesa. Mimi ni mzima. Yule ndama mwekundu usimfunge karibu na mto. Palilia mahindi ya chini kwanza. Mwambie baba paa la jiko litazamwe. Mimi mumeo, Wafula."

Labda utauliza, baba, hukumpenda? Nilimpenda mama yako kiasi kwamba nilipokuwa nyuma ya maksai, mchana kutwa, nilikuwa nikizungumza naye kichwani. Nikiona kitu cha kuchekesha namhifadhia. Lakini nilijiambia mwanamke wangu ana akili, anajua. Barasa ni mlevi, ndiyo maana anahitaji maneno. Mimi namletea mke wangu blanketi, namletea sufuria, namletea chumvi na sabuni. Nilitaka mama yako asome mapenzi yangu kwenye blanketi. Na pia niliona haya, maana nilijua barua zinasomwaje.

Barua zetu zilibebwa na mtu yeyote anayekuja likizo. Zilifikishwa kwa Mwalimu Petero wa kanisani, kwa kuwa wanawake wengi hawakujua kusoma. Siku ya Jumapili ibada ikisha, Mwalimu Petero aliketi kwenye benchi nje ya kanisa, akawaita mmoja mmoja. Lakini benchi lilikuwa moja na wanawake walikuwa wengi, na kila mmoja alisikia ya mwenzake. Ilikuwa ndiyo furaha yao ya wiki. Mwalimu Petero alikuwa mtu wetu kabisa, ulimi wake ukichanganya l na r, akasoma "raazizi wangu Nasimiyu," na wanawake wakaficha midomo kwa leso wakicheka, na Nasimiyu akatazama chini huku anang'aa. Mpaka wiki nzima mtoni wakawa wanaitana raazizi.

Mama yako alikuwa kwenye benchi hilo. Alisikia barua zote. Kisha ikaitwa yake, nayo ilikuwa habari ya ndama.

Hata hivyo labda angevumilia, akijua kwamba alipewa mume asiyekuwa na maneno. Wako wengi. Lakini Mwalimu Petero, bila nia mbaya yoyote, siku moja alimwambia mbele ya wote, "Nekesa, mume wako amebarikiwa. Barua hizi zote ni mwandiko wake. Maneno haya yote ni yake."

Krismasi ile nilikuja nyumbani. Siku ya pili tulikuwa tumekaa uani tunapukuchua mahindi, mimi na yeye, na wewe ukicheza na magunzi. Akaniuliza bila kuinua macho.

"Baba Naliaka, raazizi ni nini?"

"Ni neno la Pwani. Ni mtu unayempenda sana."

Akapukuchua hindi moja likaisha, akachukua jingine. "Na neno kama hilo huwa linaisha?"

"Linaisha namna gani?"

"Nauliza tu. Pengine ukishampa Barasa na wale wengine, halibaki."

Ningeweza kumjibu hapo. Alikuwa amenifungulia mlango kabisa. Alikuwa ameketi mahali mkono wangu ungemfikia. Mimi nikacheka, Naliaka. Nikamwambia, "Hayo ni maneno ya barua tu, mama. Ni ya watu wasio na kitu kingine cha kupeleka. Wewe si nimekuletea blanketi?"

Akasema, "Ni kweli. Blanketi ni zuri." Na hakuniuliza tena maisha yake yote.

Sasa nafika mahali ambapo kalamu yangu inakuwa nzito, lakini wewe unakwenda kuwa muuguzi na utakaa na watu siku zao mbaya, kwa hiyo lazima ujue baba yako alifanya nini siku mbaya ya mama yako.

Mwaka uliofuata ulipata ndugu. Alizaliwa mwezi wa tisa, mvulana, nami nilikuwa Kitale kwenye kazi. Sikumwona. Aliishi majuma mawili, homa ikamchukua. Mama yako akaenda kwa Mwalimu Petero mwenyewe, akamwambia amwandikie. Barua yake ilikuwa fupi. "Baba Naliaka, mtoto ametuacha. Tulimzika karibu na mgomba wa nyuma. Alikuwa na masikio yako. Niandikie."

Niliomba ruhusa, nikaambiwa mavuno yamekaribia na maksai hawana mtu mwingine. Nikachukua karatasi, nikakaa kwenye kigoda changu cha Jumapili. Nilikaa mpaka jua likahama. Kila neno nililoligusa lilikuwa limeshatumika. Mpenzi nilikuwa nimempa Barasa. Kipenzi cha moyo nilikuwa nimempa mtu wa Kimilili. Moyo wangu unauma, nilikuwa nimeliandika juzi tu kwa niaba ya kijana aliyekuwa ameteguka mguu akitaka kuonewa huruma. Nikaona aibu kumpelekea mama wa mtoto wangu aliyekufa maneno niliyowagawia watu kama tumbaku. Na mengine sikuwa nayo. Sikujua kwamba ningeweza kuandika tu kwamba nalia. Nilikuwa nalia, Naliaka. Karatasi ya kwanza ililowa nikaitupa.

Nikaandika ya pili: "Kwa Nekesa. Nimepata habari. Zungushia kaburi miiba ili mbuzi wasifike. Mtunze Naliaka. Mimi nitakuja Krismasi. Wafula."

Nasimiyu ndiye aliyenisimulia, baadaye sana, jinsi barua ile ilivyosomwa. Ilikuwa Jumapili, benchi limejaa. Mwalimu Petero aliifungua akaitazama, kisha akamtazama mama yako, kisha akaanza kusoma maneno ambayo hayakuwamo. Yule mzee alitaka kunisaidia. Akasema, "Mpenzi wangu Nekesa, moyo wangu..." Mama yako akanyoosha mkono akaifunika karatasi. Akasema, "Mwalimu, nisomee yaliyoandikwa." Akasomewa. Akashukuru, akakubeba mgongoni, akaenda kukata miiba siku hiyo hiyo.

Toka hapo alinipokea vizuri kila nilipokuja. Maji ya kuoga tayari, chakula tayari, salamu kwa wazee. Mtu wa nje angesema ndoa yetu imetulia. Nilikuwa nakaa nyumbani mwangu kama mgeni anayeheshimiwa.

Ulipokuwa na miaka sita kifua kilimshika mama yako. Shangazi yako alituma mtu, na safari hii sikungoja ruhusa. Nilitembea kutoka Kitale siku mbili. Njia nzima nilikuwa najifunza. Mpenzi wangu. Laazizi. Nilikuwa nayasema kwa sauti barabarani kama mtoto anayekwenda kufanya mtihani, hata wapita njia wakanigeukia. Nilifika, nikakuta amelala kwa ubavu, amekwisha kwa ugonjwa. Nikapiga magoti nikasema, "Mpenzi wangu."

Alifumba macho. Akasema polepole, kwa sababu pumzi ilikuwa inamsumbua, "Hilo ni la Nasimiyu." Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayekurudishia kitu cha jirani kilicholetwa kwake kwa makosa. Halafu akasema, "Mimi niite jina langu."

Unajua kwetu mwanamke akishazaa, jina lake linawekwa kando. Nilimwita Mama Naliaka, na watu wote vivyo hivyo. Jina lake nililiandika tu juu ya barua, nikalifuata na ndama. Nikamwita, "Nekesa." Akaitika, "Ee." Nikamwita tena. Akaitika. Siku mbili nilifanya hivyo, Naliaka, nikimwita na yeye anaitika, na mara ya mwisho midomo yake ilicheka kidogo. Sijapata kuwa na mazungumzo mengine kama yale na mtu yeyote.

Siku ya tatu asubuhi alisema anataka maji baridi ya mtoni. Nikachukua mtungi nikaenda mwenyewe. Wanawake mtoni walishangaa kuniona, wakanipisha. Niliporudi shangazi yako alikuwa amesimama mlangoni, na nikajua. Wewe ulikuja ukashika suruali yangu ukauliza, "Baba, hayo maji ni ya nani?" Nami nikakuambia, "Nenda ukafunge kuku."

Nimekumbuka swali lako hilo kuliko jambo lolote ulilowahi kusema. Ulikuwa unauliza mama yako yuko wapi, na mimi nilikupa kazi ya kufanya. Na nimeendelea kukupa kazi tangu siku hiyo. Ulipofaulu mtihani nilikuambia fagia uwanja, wageni watakuja. Ulipougua malaria nilikaa kando ya kitanda chako siku nne, na ulipopata nafuu nikasema sasa amka, ng'ombe hawajakamuliwa. Hukujua kuhusu zile siku nne, maana ulikuwa hujifahamu. Nani angekuambia?

Nilirudi Kitale kwa mwaka mmoja tu. Jumapili ya kwanza Barasa alikuja na karatasi. Nikamwambia maneno ya mzee Athumani sitaandika tena, aseme yake. Alikasirika, akasema hana. Nikachonga kalamu. Mwishowe akasema, kwa sauti ndogo, "Mwambie jana nilisikia moshi wa kuni za mtu mwingine, nikamkumbuka yeye alivyokuwa akinuka jikoni." Akaona haya, akataka nifute. Nikaiandika vile vile. Nasimiyu amekuwa mjane miaka mitano sasa na barua hiyo bado iko kwenye sanduku lake, nami nimeionyeshwa. Zile za laazizi hajui zilienda wapi.

Sisemi maneno matamu ni mabaya. Mzee Athumani alikuwa anampenda mkewe kwa maneno hayo, nayo kinywani mwake yalikuwa mazima. Wala sisemi blanketi halikuwa upendo. Lilikuwa. Lakini mama yako alikufa bila kuwa na hakika, na mtu asiye na hakika blanketi halimtoi baridi. Ningekuwa nimemwandikia siku moja tu, "Nekesa, leo nimeona maksai akianguka kwenye tope nikatamani ungekuwepo ucheke," nadhani hilo lingetosha. Lilikuwa langu na lilikuwa lake. Na lilikuwa tayari kichwani, sikuhitaji kulitafuta kwa mpishi.

Kuhusu Simiyu sikuamulii kitu. Inawezekana humtaki, na hilo ni lako. Lakini kama ulilia kwa sababu ulitaka kumwambia jambo jingine na ukasema kitabu, basi mwandikie ukifika. Usingoje kupata maneno mazuri. Mwambie ulilia.

Na mimi. Mwezi uliopita, ulipokuwa unakunja nguo zako, uliniuliza, "Baba, utanikumbuka?" Nikakuuliza nani atakamua ng'ombe. Jibu ni hili. Kila jioni ukiwa unarudi kutoka shuleni, tangu ukiwa mdogo, nilijifanya natengeneza ule upande wa ua unaotazama barabara. Ule ua haukuwa na shida yoyote, Naliaka. Nilikuwa nakungoja.

Nakusikia unaagana na watu huko njiani. Sitaifunga barua hii kwenye bahasha. Unaingia sasa, na nimeamua nitasimama nikuambie kwa mdomo wangu, karatasi hii niiweke kando.

Baba yako,
Wafula

*

Naliaka, umeingia, umetoka. Nilisimama kweli. Ulinitazama ukasema, "Baba, kuna nini?" na mimi nikakuambia kwamba taa inataka mafuta. Umeenda kuyaleta. Kwa hiyo chukua barua. Isome garimoshini, peke yako, usimpe mtu akusomee. Nakupenda. Nimeandika neno hili kwa watu wengi, lakini hii ndiyo mara ya kwanza ninaliandika likiwa langu.